Mahali pa Kukaa katika Bustani ya Nyumbani, Unguja na Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa wenye nyumba, na hata wapangaji, wanaotaka bustani yao iwe mahali pa watu kukaa na kuzungumza, si pa kutazamwa dirishani tu. Yote yanasimama juu ya rai moja: mahali huchaguliwa kwanza, kwa kufuata kivuli, upepo na sitara, na kiti hufuata baadaye.

Nina uwanja ulio wazi nyuma ya nyumba. Nianze na kitu gani?

Anza kwa kukaa. Kabla ya kumwita fundi au kununua chochote, chukua mkeka au kiti chepesi ukae uwanjani asubuhi, alasiri na baada ya magharibi, kwa siku kadhaa na katika pembe mbalimbali. Angalia kivuli kinaangukia wapi, upepo unaingilia upande gani, moshi wa jiko unaelekea wapi, harufu ya karo, yaani shimo la maji machafu, inafika au haifiki, na nani anakuona kutoka njiani au kutoka ghorofa ya jirani. Watu wengi hufanya kinyume chake: hununua seti ya viti, huiweka palipobaki nafasi, jua la saa tisa likawafukuza, na viti vikaishia upenuni kuwekewa ndoo na nguo za kukunjwa.

Jiulize pia ni nani atakayekaa hapo na kwa saa gani. Bibi anayechagua mchele asubuhi, wazee wanaokunywa kahawa baada ya sala ya alasiri, watoto wanaodurusu Kurani na familia inayofuturu pamoja katika Ramadhani hawahitaji mahali pa namna moja. Kama uwanja unaruhusu, sehemu mbili ndogo zenye kazi mbili tofauti zina faida kuliko sehemu moja kubwa ambayo kila mtu anamwondoa mwenzake.

Upande gani wa nyumba unafaa zaidi?

Kwa nyumba nyingi za visiwani, upande wa mashariki ndio ulio bora kwa makazi ya alasiri, na sababu zake ni mbili zinazokutana.

Ya kwanza ni jua. Unguja iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta na Pemba karibu nyuzi 5, kwa hiyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya nyakati hizo adhuhuri yake husogea: katika Juni huwa upande wa kaskazini, na katika Disemba upande wa kusini. Hata hivyo msogeo huo si mkubwa wa kukupa kivuli cha kutegemea mchana. Ukuta wa mita 3 katika adhuhuri ya Disemba hutoa kivuli cha upana wa mita 1 hivi, nacho ni kwa upande wa kaskazini tu. Jua likishaelekea magharibi, mambo hubadilika kabisa: ifikapo saa kumi alasiri ukuta huohuo umekwisha kuweka kivuli cha zaidi ya mita 3 upande wa mashariki, na kivuli hicho huendelea kurefuka mpaka magharibi. Nyumba yenyewe inakuwa mwavuli wako, na hujagharimika chochote.

Sababu ya pili ni upepo. Kaskazi, inayovuma kuanzia Disemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Kusi, inayovuma kwa nguvu zaidi kuanzia Juni hadi Septemba, hutoka kusini-mashariki. Zote mbili hufika kwa kupitia mashariki. Anayekaa upande huo hupata upepo katika misimu yote miwili, ilhali aliyeko magharibi ya nyumba hupigwa na jua linalotua na huku nyumba imemzibia upepo. Kama kiwanja chako kina uwazi upande wa magharibi tu, usikate tamaa, lakini jua kwamba utahitaji mti wenye majani mazito, na uupande mwaka huu.

Vipi kuhusu nyumba zilizo ufukweni, ambako upepo ni mwingi kupita kiasi?

Katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje, Jambiani na Makunduchi, upepo wa kusi hubeba chumvi na mchanga, na kukaa mbele yake kwa muda mrefu ni adhabu. Wengi hukimbilia kujenga ukuta mrefu. Ukuta mzima huurusha upepo juu, nao hushuka kwa vurugu nyuma yake, mara nyingi palepale ulipoweka viti. Kizuizi kinachopitisha upepo kidogokidogo hufanya kazi nzuri zaidi: wigo wa mhina, safu ya mivinje, ukuta wa matofali yenye matundu, au ua wa makumba yaliyosukwa bila ya kubanwa sana. Mhina naupendekeza kwa moyo wote, kwani huvumilia ukame na hali ya pwani, hukubali kukatwa, maua yake yananukia, na majani yake hayakosi mwenyewe inapokaribia harusi au Idi.

Ni mti gani unaofaa kukaliwa chini yake, na upi haufai?

Mwarobaini ni wa kwanza kwa nyumba nyingi: hukua haraka, hustahimili ukame na hata udongo haba, na kivuli chake ni cha kupitisha upepo. Mkungu nao una tabia njema kwa mkaaji, kwa sababu matawi yake hutanda kwa usawa, ngazi juu ya ngazi, kama paa lililojengwa. Kero yake ni majani makubwa anayoyamwaga kwa wingi, ambayo yatakutaka ufagie kila asubuhi kwa siku kadhaa mfululizo. Mwembe hutoa kivuli kizito kuliko yote, na miembe mingi mikubwa ya vijijini imekuwa ukumbi wa mtaa kwa vizazi, ila msimu wa embe huleta nzi na utomvu, na mti wenyewe unahitaji nafasi ya mita 8 hadi 10 kutoka nyumbani.

Mnazi usikaliwe. Nazi au kuti kavu likianguka halimwoni mtu, na kama bustani yako ina minazi, makazi yawekwe nje ya duara la makuti yake, au minazi hiyo iangushwe nazi mara kwa mara na mkwezi. Sheria hiyohiyo ni kwa mfenesi na zaidi kwa mdoriani. Mzambarau hauna hatari, lakini zambarau zilizoiva hutia madoa nguo na sakafu yasiyotoka kwa urahisi. Uupande mbali na baraza lako. Mkrismasi unapotoa maua yake mekundu mwishoni mwa mwaka hakuna mti unaoushinda kwa uzuri, na kivuli chake ni kipana, ila mizizi yake hukaa juujuu na hupasua sakafu na kuta. Usiupande karibu na karo wala tangi la maji.

Mti wangu una majimoto na kunguru hulala juu yake. Nifanye nini?

Majimoto wana faida wasiyotambuliwa. Utafiti uliofanywa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulionyesha kwamba sisimizi hawa huilinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa na kuzipukutisha. Kuwaangamiza kwa sumu katika shamba la minazi ni kujiharibia mavuno. Kama wamejenga viota vyao vya majani juu ya mahali unapotaka kukaa, hamisha makazi au punguza matawi yanayogusana na paa na ukuta, kwani ndiyo njia zao.

Kunguru wenye shingo ya kijivu ni wageni, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na wamezidi. Watalala panapokuwa na chakula karibu. Pipa la taka lenye mfuniko, na mabaki ya samaki yasiyotupwa uwani, hupunguza ujio wao kuliko kelele na mawe.

Baraza la kujengwa linatakiwa liwe na vipimo gani?

Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu baraza ni samani yetu sisi wenyewe, lililojengwa vyema hudumu kuliko aliyelijenga, na lililokosewa vipimo halikaliwi.

Kimo cha kukalia kiwe kati ya sentimita 40 na 45 kutoka sakafuni. Kwa mtu anayekaa miguu chini, kina cha sentimita 50 kinatosha; kwa mwenye kukunja miguu, kuweka sinia la kahawa pembeni yake, au kujinyoosha baada ya chakula cha mchana, panua hadi sentimita 75 au 80. Hesabu sentimita 60 kwa kila mkaaji. Ukuta wa kuegemea, kama upo, ulazwe nyuma kidogo, kwa sababu mgongo wa binadamu hauegemei ukuta uliosimama wima kwa zaidi ya nusu saa bila ya kuchoka.

Tazama kwa karibu baraza zuri la zamani utaona mambo matatu ambayo mafundi wa leo huyasahau. Uso wa juu haukulazwa sawasawa, bali umeinamishwa mbele kwa kiasi cha sentimita 1, ili maji ya mvua yateremke yasituame. Ukingo wa mbele umeviringwa. Pitisha kiganja utahisi mviringo laini, na ndiyo maana haukati damu nyuma ya magoti wala hauchongoki ukabanduka. Na chini, kwenye kitako cha ukuta wa mbele, pameachwa mbonyeo wa kama sentimita 10 ambamo visigino huingia mtu anapotaka kuinuka. Mzee asiyeweza kurudisha visigino vyake nyuma hainuki bila ya kushikwa mkono.

Kama baraza linaungana na ukuta wa zamani uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo, lipakwe chokaa, si saruji. Kuta hizo hupumua, na saruji huzuia unyevu ndani yake mpaka plasta inaachia. Chokaa hupakwa kwa tabaka nyembamba, hufunikwa kwa magunia mabichi na kukingwa na jua ili isikauke kwa pupa.

Na kibanda cha makuti?

Kibanda hufaa pasipo na mti, na hasa kwa mchana. Siri yake ni mteremko wa paa. Makuti ya viungo, yaani yaliyoshonwa kwenye fito, yanataka mteremko wa nyuzi 45 hivi. Ukilaza chini ya nyuzi 30 maji hayaondoki kwa kasi, makuti huoza na kuvuja masika ya kwanza. Safu zibananishwe vya kutosha, na usikubali fundi aziachanishe ili kupunguza idadi ya makuti. Kwa nguzo, mivinje hupatikana kwa urahisi. Mikoko isikatwe bila ya kibali, na misitu yake ndiyo inayoshikilia pwani zetu. Nguzo zisichimbiwe moja kwa moja ardhini, kwani mchwa watazimaliza kutoka chini. Ziwekwe juu ya vitako vya zege vilivyoinuka sentimita 15 au 20. Kumwagia oili chafu kwenye mashimo ni desturi iliyoenea, lakini huchafua udongo ambao utaupanda mboga na maua.

Seredani na jiko la kuchomea mishikaki vikae mbali na paa la makuti, upande ambao upepo hautupi cheche juu yake.

Tutapataje sitara bila ya kujifungia kama ndani ya sanduku?

Swali hili huulizwa zaidi na wanawake, na ni la haki. Ua ambao mama hawezi kukaa bila ya kujitanda hauwi mahali pa mapumziko. Mpangilio wa nyumba za Waswahili ulikwisha kulijibu: baraza la nje kwa wageni na wapita njia, ua wa ndani kwa wenye nyumba, na mlango usiomwonyesha mpita njia yaliyomo ndani. Fuata hayo. Usiuelekeze mlango wa uwani mkabala na viti. Ukuta mfupi au kichaka kimoja kilichopandwa mbele ya mlango kitakata macho bila ya kukata upepo.

Ukumbuke kwamba mtu aliyekaa kitako yuko chini kuliko aliyesimama. Wigo wa mita 1 na nusu unamsitiri aliyekaa, na huhitaji ukuta wa mita 3 kuzunguka kiwanja kizima. Kwa ghorofa za majirani, wigo hausaidii. Hapo ni kibanda, au mzabibu na bogenivilia zilizopandishwa juu ya fremu.

Chini nitandaze nini?

Vigae vinavyong'aa viachwe sebuleni. Vikilowa huteleza, na kwa watoto na wazee ni hatari. Matofali madogo ya saruji, ambayo mafundi huyaita pevingi, au mawe bapa yaliyopangwa juu ya mchanga, hupitisha maji na hurekebishika kirahisi mti unapoyainua. Sakafu yoyote ipewe mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, ikielekea mbali na nyumba, jambo ambalo Pemba yenye vilima na mvua nyingi halina mjadala. Mchanga wa pwani usitumike katika saruji: chumvi yake hula nondo, na uchimbaji wa mchanga unahitaji kibali cha Serikali.

Kwa meza ya watu wanne na nafasi ya kuvuta viti nyuma, tenga mita 3 kwa 3.

Samani za aina gani hustahimili hali ya hewa yetu?

Msaji na mvule ndizo mbao za kutegemewa nje, na mfenesi, ambao mafundi wa visiwani wameuchonga tangu zamani, hauliwi na mchwa kwa urahisi. Chuma cha kawaida karibu na bahari hushika kutu upesi, hata kikiwa kimepakwa rangi, na aghalabu kutu huanzia kwenye maungio. Kitanda cha kamba ni chaguo ambalo naona linadharauliwa bila ya sababu: hupitisha hewa, hubebeka na watu wawili, na kamba zikilegea hukazwa upya nyumbani. Mikeka ya ukindu na majamvi ni vya kutandikwa na kukunjwa, visilale nje kwenye umande.

Nipande nini pembeni ili pawe na harufu nzuri?

Panda kwa kuzingatia saa ya kukaa. Asmini hufunguka jioni na hunukia usiku, kwa hiyo ifae kuwa karibu na mkaaji wa baada ya isha. Mlangilangi, unaojulikana sana Pemba, una harufu kali inayosafiri mbali. Mti mmoja unatosha, upandwe upande upepo unakotokea, hatua kadhaa kutoka kwenye viti, na ukatwe kileleni usirefuke ukashindwa kuchuma maua. Mkilua ni kichaka kisichotaka nafasi kubwa. Mrehani na mchaichai vipandwe ukingoni, pale nguo zinapopita zikavigusa, kwani majani yake hutoa harufu yakiguswa. Mwenye asmini, kilua na mrehani katika bustani yake anaweza kutunga kikuba, kile kishada cha maua na majani yanayonukia, bila ya kwenda sokoni.

Je, mimea hiyo hufukuza mbu?

Kwa kusimama tu ardhini, haifukuzi kwa kiasi cha kutegemewa. Kinachopunguza mbu ni kuwanyima maji. Yai la mbu huwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10, kwa hiyo maji ya sahani za vyungu, vifuu, makopo na matairi yamwagwe kila wiki, na matangi yafunikwe. Mbu wa aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengi, huuma mchana, hivyo kukaa nje kabla ya magharibi si kinga. Feni chini ya kibanda husaidia, kwa sababu mbu hawawezi kuruka vizuri penye upepo.

Nyumba yangu ipo Mji Mkongwe na ua ni mdogo. Kuna la kufanya?

Lipo, na ua mdogo wenye kuta ndefu una kivuli ambacho wengine wanakitafuta. Weka benchi kwenye ukuta mmoja tu, uache katikati wazi, na utumie vyungu vikubwa vichache badala ya vidogo vingi. Mimea inayopenda kivuli, kama mikangaga, hustawi humo. Usibomoe, usipake saruji wala usiongeze ujenzi kabla ya kuwasiliana na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji huu uko katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Kwetu ni maweni, hakuna udongo. Nitapandaje kivuli?

Tafuta mifuko ya udongo iliyomo kati ya mawe, kwani hata penye maweni ipo, na upande mmea mmoja katika kila mfuko ukiuongezea mboji na samadi. Jenga vitalu vya mawe vyenye kimo cha sentimita 50, ujaze udongo, na ukingo wake uwe mpana wa kukalika: kazi mbili kwa ukuta mmoja. Mkungu, mwarobaini na mhina ndio wa kuanza nao. Panda mwanzoni mwa masika.

Taa ziwe za namna gani?

Chache, za chini na za rangi ya njano, ambazo hazivuti wadudu kama nyeupe. Taa moja iangaze ngazi, nyingine iangaze mti. Usoni mwa watu hapana.

Mimi ni mpangaji, siwezi kujenga. Nifanye nini?

Weka kitanda cha kamba mashariki ya nyumba, mkeka, kigoda cha kuwekea birika, na vyungu vitatu vya asmini na mrehani vilivyopangwa upande wa njia ili visitiri. Vyote vitaondoka nawe siku ya kuhama. Ukielewana na mwenye nyumba, mwombe akuruhusu kupanda mwarobaini mmoja kwenye mpaka wa magharibi. Wenye nyumba wengi hawakatai kupandiwa mti.